Kupima shingo ya kizazi sio mpaka uumwe

Juzi saluni dada mmoja kasema hawezi kwenda kupima saratani ya shingo ya kizazi, haumwi popote, hatoki damu, sasa akapime nini. Jamani hapo ndo tunapokosea! Kipimo hiki ni cha asiyeumwa, maana kirusi cha HPV, hicho kinacholeta saratani hii, kinaweza kukaa mwilini miaka 10 na zaidi kinabadilisha seli taratibu na wewe unadunda tu, ukija kuona damu baada ya tendo mara nyingi ugonjwa umeshafika mbali.

Na eti wanakukata nyama, hapana. Unalala kitandani, nesi anaweka kifaa cha kufungulia uke, anapaka siki nyepesi kwa pamba kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kama dakika moja anamulika na taa. Unasikia kaubaridi, labda inachoma kidogo, basi. Pakigeuka peupe huenda kuna seli zilizobadilika, na vituo vingine wanakutibu siku hiyohiyo kwa kugandisha au kuunguza hapo padogo, unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Ukiwa na miaka 30 mpaka 50 nenda, anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Kaulize kliniki ya uzazi wa mpango kituo cha afya cha karibu.