Kabla Hujamnunua, Hesabu Vijiti vya Pezi

Nilipokuwa mgeni wa kufuga samaki wa mapambo, niliuziwa kisamaki cha kahawia chenye mdomo wa kunyonya, urefu wa kidole. "Huyu ni msafisha tangi, hapiti kiganja," nikaambiwa. Baada ya miaka miwili alikuwa analingana na mkono wangu kuanzia kiwiko hadi kifundo, na tangi lilikuwa chafu kuliko kabla hajaja.

Alikuwa Pterygoplichthys pardalis, ambaye hupita sentimita 30 na anaweza kukaribia 50. Niliyemtaka ni ndugu yake wa jenasi ya Ancistrus, ambaye wengi wao huishia sentimita 12 hadi 15. Wakiwa wadogo wote ni wa kahawia, wana madoa, na jina la biashara ni hilo hilo. Tofauti iko mgongoni. Subiri atanue pezi, kisha hesabu vijiti laini vinavyolishikilia, ukiacha mwiba wa mbele. Ancistrus huwa na saba hivi. Pterygoplichthys ana kumi au zaidi, na pezi lake husimama kama tanga. Usitegemee vile vinyama vya puani vya Ancistrus, maana dume huviota akishakua kiasi.

Kwangu mimi rangi huja mwisho kabisa. Kifaranga cha paku, Piaractus brachypomus, kina tumbo jekundu na madoa kiasi kwamba wengi humdhania piranha, Pygocentrus nattereri. Ila piranha ana meno ya pembe tatu, makali kama wembe, na taya la chini lililochomoza; meno ya paku ni bapa kama magego ya binadamu. Huyo paku anaweza kupita sentimita 80. Kwa hiyo mimi huanza na umbo la mwili, mdomo, sharubu na idadi ya vijiti, ndipo nitazame rangi. Macho pia hudokeza: yakiwa makubwa mno kwa kichwa, mara nyingi huyo bado ni mtoto.

Ukishapata jina la kisayansi, tafuta urefu wake kwenye kanzidata kama FishBase, lakini soma kwa makini umepimwaje. SL ni kutoka pua hadi mkia unapoanzia. TL huhesabu na mkia wenyewe. Samaki wa SL sentimita 30 ni mrefu zaidi ya hapo ndani ya tangi lako. Namba hiyo mara nyingi ni ya samaki mkubwa kuliko wote waliowahi kurekodiwa, si ya wastani, lakini mimi hupanga tangi kama vile wangu ndiye atakayeifikia.

Hapo muuzaji atakwambia samaki hukua kulingana na tangi. Si kweli. Maji machafu na nafasi finyu humdumaza, humpinda mgongo na kumfupishia maisha. "Papa" wa maji baridi anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, Pangasianodon hypophthalmus, si papa hata kidogo: ni jamii ya kambare kutoka mto Mekong na Chao Phraya, na hufika sentimita 130. Hakuna tangi la sebuleni litakalompunguza.

Kipimo changu ni upana wa tangi, kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Ukiwa mdogo kuliko urefu wa samaki mzima, atashindwa hata kugeuka bila kujikunja.

Na akikushinda, usimwachie mtoni. Pterygoplichthys walioachiliwa wamesambaa Florida, Mexico na Ufilipino, wakitoboa kingo za mito kwa mashimo ya kuzalia. Yule wangu nilimpeleka kwa mfugaji mwenye bwawa la ndani. Siku ya kumhamisha, miiba ya mapezi yake ilinasa kwenye wavu, ikabidi tuukate.