Kubadili breki za drami ziwe za diski: yanayosemwa gereji na ukweli wenyewe

"Drami ni za kizamani, hazisimamishi gari." Mwenye Beetle au Datsun ya zamani akipita Grogan, Nairobi, kutafuta spea, hili halikosi kumfikia. Drami ni kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu, na shuu husukumwa kukibana kwa ndani. Ukweli ni kwamba drami zilizorekebishwa vizuri hufunga magurudumu ukikanyaga kwa nguvu, na hapo gari litasimama wapi ni suala la tairi na lami. Udhaifu wa drami ni joto. Teremka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu nyuma ya malori, mguu hautoki kwenye breki: drami inapata moto, inatanuka na kuziacha shuu zake, pedeli inazama huku gari likizidi kwenda. Diski, yaani sahani inayobanwa na pedi pande zote mbili, ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi hizo, tena iko wazi na upepo unaipoza. Kwa mteremko kama ule, diski ni pesa iliyotumika vizuri.

"Funga diski mbele, kazi imekwisha." Dhana hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu gari huondoka gereji likionekana zima. Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, nyingi za drami zina kivali kinachobakiza presha ya kama psi 10 kwenye paipu ili shuu zisirudi mbali. Kwenye diski, presha hiyo huzifanya pedi ziendelee kung'ang'ania hata ukiachia breki. Kalipa, kile kifaa kinachosukuma pedi, nayo inataka mafuta mengi kuliko silinda ndogo ya drami, kwa hiyo masta ya zamani huenda ikaishiwa kabla breki hazijashika sawasawa.

Kuna na nyuma, ambako drami zimebaki. Shuu ya drami huvutwa na mzunguko wa drami yenyewe, ikajikaza. Pedi ya mbele haina msaada huo, lazima isukumwe kwa presha kubwa. Presha hiyo ikifika nyuma bila vali ya kuipunguza, magurudumu ya nyuma hufunga kwanza na gari linageuka, hasa mvua ya kwanza inapolowesha vumbi barabarani. Kabla hujalipa, mwambie fundi ainue gari kwa jeki, akanyage breki na kuachia, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono wako. Gurudumu likiwa zito, usilichukue gari.

"Bila busta diski hazifai." Beetle 1500 ya mwaka 1966 ilitoka kiwandani Ujerumani na diski mbele, bila busta, yaani kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye pedeli. Gari zito litaihitaji, lakini busta hutegemea uzito wa hewa ya nje, na Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Busta iliyotosha pwani, huku Nairobi itasaidia kidogo, chagua kubwa.

Mafuta ya breki nayo yamwagwe yote, yawekwe mapya. DOT 4 mpya (daraja la mafuta hayo) haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155.

Na rimu za inchi 13 zijaribiwe juu ya kalipa kabla ya kununua chochote, maana nyingi hukwama hapo.