Miliampea 500 Haziunguzi Pedali Yako

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu pedali za gitaa, vile visanduku vya kubadili sauti vinavyokanyagwa kwa mguu, na saplai inayozilisha umeme: "Fundi, ovadraivu yangu inakula miliampea 10, na tundu la saplai limeandikwa 500. Si itaungua?" Haiungui. (Ovadraivu ni pedali inayokwaruza sauti ya gitaa.) Swali hili nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, na hata nikiwa nimepiga magoti jukwaani huku watu wanasubiri muziki uanze. Sasa naliandika, ili atakayeniuliza tena nimtumie kiungo.

Namba ya miliampea kwenye tundu la saplai ni kikomo. Inakuambia tundu linaweza kutoa mpaka wapi. Kinachovuta umeme ni pedali, na inavuta kwa kadiri ya sakiti yake. Soketi ya ukutani inayopasha pasi ndiyo hiyo hiyo unayochajia simu, na simu hailipuki. Pedali ya Boss DS-1 inavuta miliampea chache tu, hazifiki 10. Ichomeke kwenye tundu la 100, la 500 au la 2000, itavuta zile zile.

Balaa liko upande wa pili. Mpigaji mmoja aliniletea ubao wake wa kufungia pedali akisema riverbu, pedali ya mwangwi, ni mbovu, na tayari alikuwa ameirudisha dukani akapewa nyingine. Nikaugeuza ubao. Saplai ilikuwa na matundu 6 ya miliampea 100 na mawili ya 500, na yale mawili ameyaziba kwa utepe mweusi wa umeme, asije akayatumia kwa kusahau. Riverbu ni ya dijitali, imeandikwa miliampea 300 mgongoni, na alikuwa ameichomeka kwenye tundu la 100. Akikanyaga swichi, taa inafifia, mwangwi unakatika katikati, kisha pedali inajizima na kujiwasha upya. Nikabandua utepe, nikahamisha waya mmoja, riverbu ikafanya kazi. Pedali nzima ilirudishwa dukani kwa sababu mtu alitishwa na namba kubwa, na inaniuma, kwa kuwa jibu lilikuwa limeandikwa mgongoni mwa pedali yenyewe.

Soma basi mahitaji ya kila pedali, halafu acha akiba. Mimi huacha karibu theluthi, kwa sababu pedali za dijitali huweza kuvuta zaidi kwa muda mfupi zinapowaka. Theluthi hiyo haina hesabu nyuma yake, ni mazoea ambayo hayajaniangusha. Angalia pia jumla: kuna saplai ambazo haziwezi kutoa kiwango kamili kwenye matundu yote kwa wakati mmoja.

Ukitaka kujua kinachoua pedali, ni volti na mwelekeo wa umeme. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, hasi katikati ya plagi. Chache zinataka chanya katikati, na chache, kama Whammy IV ya DigiTech, zinataka volti 9 za AC, umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani. Soma alama karibu na jeki kabla ya kuchomeka. Kuhusu volti 18, zipo ovadraivu zinazozikubali, na zipo zenye chipu ya ndani ya kuzidisha volti ambayo aina nyingi hukomea karibu na volti 10. Ukiipa 18 inakufa papo hapo. Kama mtengenezaji hajaandika 18, usijaribu. Nami nakiri kwamba tofauti ya sauti kati ya 9 na 18 naihisi zaidi vidoleni kuliko masikioni. Nikifungwa kitambaa machoni akapiga mtu mwingine, sina hakika ningeitambua.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi kweli: "matundu yaliyotengwa". Limeandikwa kwenye masanduku ambayo ndani yake hakuna kilichotengwa. Kutengwa maana yake kila tundu lina waya wake uliozungushwa kwenye transfoma, au kibadilisha umeme chake, na hasi ya tundu moja haigusi hasi ya jingine. Saplai nyingi za bei ya chini zina njia moja ya umeme iliyogawanywa kwenye matundu manane, kila tundu na kinga yake dhidi ya shoti. Kinga ni jambo jema, lakini kutenga ni jambo lingine kabisa.

Kwa nini nashupalia hilo? Ndani ya pedali ya dijitali kuna saa inayopiga mamilioni ya mara kwa sekunde, na kazi inayoendeshwa na saa hiyo hufanya uvutaji wa umeme utetemeke, sehemu yake kwa kasi ambayo sikio linaisikia. Ikichangia waya wa hasi na ovadraivu, mtetemo ule unaingia kwenye ovadraivu, nayo inaukuza pamoja na gitaa lako. Hapo ndipo unaposikia mlio mwembamba kama wa mbu, hata hujagusa uzi wa gitaa. Tena hasi za pedali zako tayari zimeunganishwa kupitia nyaya za sauti. Ukiziunganisha mara ya pili kupitia saplai unapata duara, na duara hilo linanasa mvumo wa umeme wa ukutani.

Usibishane na sanduku, pima. Chomoa saplai ukutani, kisha chomoa pedali zote, maana nyaya za sauti zikibaki zitakudanganya. Acha nyaya mbili za umeme zikiwa zimechomekwa kwenye saplai tu. Weka multimita, kile kipima umeme, kwenye alama ya mlio, ile inayolia ncha zake mbili zikiunganika. Ingiza ncha moja nyembamba ndani ya shimo la plagi ya kwanza, nyingine ndani ya shimo la plagi ya pili. Humo ndani ndimo ilimo hasi. Ukigusa mdomo wa nje unapima chanya. Ikilia, matundu hayo yanachangia hasi, hata kama sanduku limeandikwa vingine kwa herufi za dhahabu.

Hata hivyo sitaki utoke hapa ukiamini kuwa kutenga ni dawa ya kila kitu. Nimesikia ubao wenye pedali tano za analogi kwenye adapta moja ya waya wa matawi ukiwa kimya kabisa. Na kuna pedali za zamani za Boss, zile zilizoandikwa ACA, ambazo zilitengenezewa adapta ya volti nyingi zaidi na hujipunguzia umeme ndani. Kwenye tundu lililotengwa la volti 9 taa yake inafifia na sauti inadhoofika. Ukiichangiza umeme na pedali nyingine ya kawaida inaamka. Kwa upande mwingine, fazi (pedali za kukwaruza sauti) za zamani za transista za jerimaniamu, ambazo waya wao wa pamoja, yaani ethi, ni chanya badala ya hasi, ukizichangiza na wenzake unapata shoti. Hizo lazima ziwe na tundu lake lililotengwa.

Kuhusu kuifunga, saplai huenda chini ya ubao, upande wa nyuma ambako ubao umeinuka. Velcro peke yake haitoshi kwa saplai ya transfoma: ni nzito, inapata joto, na gundi inalainika. Tumia vishikio vya chuma na skrubu, na uache nafasi ya hewa. Waya wa sauti ukilazimika kukutana na waya wa umeme wa ukutani, upitishe juu yake kwa kukingama kama msalaba, usiulaze sambamba nao.

Ila kabla hujatoboa hata shimo moja, washa kila kitu, amplifaya pia, na ukanyage pedali ya wawa. Ndani ya wawa kuna koili inayonasa usumaku wa transfoma kama redio. Shika saplai kwa mkono, isogeze polepole chini ya ubao, na usikilize. Mvumo utapanda na kushuka. Sentimita chache tu zinabadilisha mambo, na wakati mwingine kuigeuza robo duara kunatosha. Ukipata mahali penye kimya, chora pembe zake nne kwa chaki. Zima umeme, ndipo uchukue drili.