Je, wajua? Kwa nini mwenye sauti kali hutolewa mapema kwenye mashindano ya runinga

Iwe ni sebuleni Sakina, Arusha, au baa ya Pasua kule Moshi, Jumapili usiku lawama ni ileile. Binti aliyeimba mpaka jaji akasimama ametajwa kuwa ndiye anayeaga. Yule kijana anayepoteza ufunguo wa wimbo kila akifika kiitikio amebaki. Kabla tangazo la sabuni halijaisha, hukumu imeshatoka: kura zimechakachuliwa. Wiki inayofuata kuna anayehamia tamthilia ya Kituruki na harudi tena.

Imani hiyo ya uchakachuaji inastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa kuwa karibu kila mtazamaji amewahi kuishika na mara nyingi haihitajiki. Ulaghai wa kura za simu upo kwenye rekodi. Uingereza, mwaka 2007, ziliibuka kashfa za vituo vya runinga kupokea pesa za simu za watazamaji ambazo hazikuhesabiwa kabisa, na mwaka uliofuata ITV ya hukohuko Uingereza ilipigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 5. Kwa hiyo mwenye shaka si mjinga. Kosa ni kudhani kwamba matokeo ya ajabu yenyewe ni ushahidi wa wizi. Hesabu safi kabisa, yenye kila meseji mahali pake, inaweza kumtoa mwimbaji bora, na ina namna mbili za kufanya hivyo.

Ya kwanza inatokana na swali lenyewe. Mtazamaji haulizwi nani ameimba vibaya, wala hakuna namba ya kumtumia asiyemtaka. Anaulizwa nani anampenda kuliko wote, kisha mwenye kura chache anaondoka. Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali tu.

Chukua soko la Kilombero, Arusha. Akina mama watatu wamepanga nyanya meza kwa meza, zote nzuri, na pembeni yupo mmoja tu anayeuza tangawizi. Wateja wa nyanya ni wengi kuliko wa tangawizi, lakini wanagawanyika mara tatu. Sasa weka sheria kwamba kila Jumapili meza yenye mauzo madogo kuliko zote inafungwa. Itafungwa meza ya nyanya, mtu wa tangawizi atafunga hesabu zake bila wasiwasi, na hakuna aliyeiba hata fungu.

Weka tarakimu za kubuni ili ionekane. Watazamaji 1,000, kila mmoja meseji moja, washiriki 5. Watatu ni waimbaji wazito wa aina moja, na wapenzi wa aina hiyo ni 540: kila mmoja anapata 180, au mmoja 190 na mwingine 170. Wa nne ni mtanashati mcheshi, 250. Wa tano ni yule wa kupoteza ufunguo, ana 210, wengi wao watu wa kwao. Zaidi ya nusu ya nchi inapenda sauti nzito, na wanaoburura mkia wote watatu ni sauti nzito. Ndiyo maana washiriki wawili kutoka Moshi ni habari mbaya kwa Moshi: mitaa ya Majengo na Soweto itagawana vocha, wakati mkoa wenye mtoto mmoja unampa zote.

Mfano halisi ulitokea Marekani kwenye American Idol, Aprili 2004. Walibaki washiriki 7, na watatu wa chini wakawa Jennifer Hudson, Fantasia Barrino na La Toya London, wanawake watatu wenye sauti zilizosifiwa sana msimu ule. Hudson akatolewa. Fantasia, aliyekuwa naye kwenye kundi hilo la hatari, ndiye aliyeshinda msimu mzima. Miaka mitatu baadaye Hudson alikuwa ameshika tuzo ya Oscar. Maelezo mengine yalitolewa pia, ya ubaguzi wa rangi na ya dhoruba iliyopiga Illinois, nyumbani kwao, na kwa kuwa kura za wiki hazikutangazwa huwezi kuyapima kwa kilo. Ila mgawanyo wa nyanya unayaeleza majina yote matatu kwa pamoja.

Namna ya pili ni kurudia kura. Rudi kwa yule mwenye watu 210. Chukua 20 tu kati yao, wapwa na majirani wenye bando, kila mmoja atume meseji 50. Hizo ni 1,000. Ongeza 190 za wenzao: 1,190, dhidi ya 790 za washiriki wote waliobaki. Mfumo umeacha kuhesabu vichwa, unahesabu vidole.

Hapa ndipo penye takwimu tamu kuliko zote. Fainali ya American Idol ya mwaka 2003 ilitazamwa na watu wapatao milioni 38, ikapata kura milioni 24: chini ya kura moja kwa kila mtazamaji. Fainali ya 2012 ilitazamwa na takribani milioni 21, na kura zilizotangazwa zilikuwa milioni 132, yaani zaidi ya 6 kwa kila kichwa. Watazamaji walipungua karibu nusu, kura zikaongezeka zaidi ya mara tano. Tahadhari kidogo: mwaka 2003 laini za simu zilielemewa na wengi hawakupita, na baadaye njia za kupiga kura ziliongezeka, intaneti ikiwemo. Hata ukipunguza kwa ajili hiyo, mwelekeo hauwezi kukosewa.

Na mwelekeo huo ndio unaozeesha kipindi. Mtazamaji wa kawaida, wa meseji moja, akiona sauti aliyoipenda imeondoka mara mbili, anaacha kutuma na baadaye anaacha kutazama. Wanaobaki ni wenye vidole. Uzito wao unakua, matokeo yanazidi kuwa ya ajabu, na wa kawaida wengine wanaondoka.

Sifa za majaji nazo zina madhara. Jaji akisema "wewe uko salama", mashabiki wanahifadhi salio au kulipeleka kwa anayeonekana hatarini. Ukubwa wa athari hiyo ni vigumu kuupima, kwa hiyo usiijengee ghorofa.

Meseji zenyewe hupotea kwa njia za kawaida zaidi. Muda wa mwisho huhesabiwa meseji inapofika kwenye mtambo. Saa ya kwenye simu yako haihusiki, na dakika za mwisho ndipo foleni inapokuwa ndefu. Neno la kupigia kura likiandikwa vibaya, au nafasi kabla ya namba ya mshiriki ikirukwa, mtambo haujui kura ni ya nani, na salio linaweza kukatwa vilevile. Tuma mapema, namba ya mshiriki kama ilivyoonyeshwa kwenye skrini, na usubiri meseji ya kuthibitisha kabla ya kurudia.

Waandaaji wa American Idol walijaribu dawa mwaka 2009: majaji wakapewa nafasi moja kwa msimu ya kumwokoa aliyetolewa na kura. Wa kwanza kuokolewa alikuwa Matt Giraud. Wiki mbili baadaye kura zilimtoa tena.