Bondia Akipigwa Kichwani, Kwa Nini Apimwe Macho?

Maswali haya huulizwa na makocha wa ngumi na wazazi wa vijana wanaocheza mpira jijini Tanga, hasa baada ya pambano kali au wachezaji wawili kugongana vichwa katika uwanja wa Mkwakwani.

Pigo limetua kichwani. Macho yanahusikaje?

Kila jicho huendeshwa na misuli 6, na misuli hiyo hupokea amri kupitia mishipa 3 ya fahamu itokayo kwenye shina la ubongo. Amri zenyewe huanzia mbali zaidi: sehemu ya mbele ya ubongo huchagua cha kutazamwa, ubongo mdogo ulioko kisogoni hurekebisha shabaha, na viungo vya usawa vilivyomo ndani ya sikio huyatuliza macho wakati kichwa kinapogeuka. Kwa kuwa njia hiyo ni ndefu na hupita sehemu nyingi, mtikisiko wa ubongo unaweza kuivuruga mahali popote, na macho yakaanza kuchelewa, kupitiliza shabaha au kurukaruka. Bondia anayetaka kurudi ulingoni atasema kwamba yuko fiti. Macho si mepesi kufundishwa uongo huo.

Kipimo chenyewe hufanywaje?

Mpimaji husogeza kalamu polepole, naye mchezaji huifuata kwa macho bila kugeuza kichwa. Kisha mchezaji hurusha macho haraka kati ya vidole viwili, na baadaye hukodolea herufi moja huku akitikisa kichwa huku na huku. Kalamu pia husogezwa kuelekea pua hadi aione kuwa mbili; akianza kuiona hivyo ikiwa bado umbali wa sentimita 5 au zaidi, hiyo si dalili njema. Baada ya kila hatua huulizwa kama kichwa kinauma, anahisi kizunguzungu au kichefuchefu, au kama akili imeingia ukungu. Utaratibu wa namna hii ulielezwa na watafiti wa Pittsburgh, Marekani, mwaka 2014. Upo pia mtihani wa kusoma tarakimu kwenye kadi kwa haraka huku saa ikihesabu, na zipo mashine zenye kamera: moja iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2018, nayo hufuatilia macho kwa takriban dakika 4 mchezaji akitazama video.

Sisi hatuna mashine. Tufanye nini?

Kadi, saa na daftari vinatosha kuanzia, mradi mchezaji apimwe msimu haujaanza, akiwa mzima na amelala vya kutosha. Hapa ndipo timu nyingi hukosea. Kijana mmoja husoma tarakimu upesi kwa asili yake na mwingine polepole. Uchovu, pombe, homa au miwani iliyosahaulika nyumbani vyote hubadili matokeo. Kwa hiyo mchezaji hulinganishwa na nafsi yake ya jana, si na mwenzake. Akichelewa kuliko rekodi yake au akikosea baada ya kupigwa, atolewe mchezoni siku hiyo na aonwe na daktari. Akifaulu bado hajasalimika, kwa sababu kuna mitikisiko ambayo macho hayaionyeshi.

Je, kipimo hiki hugundua ugonjwa wa ubongo unaowapata mabondia wakongwe?

Hapana, na anayekuuzia kipimo kwa ahadi hiyo mtilie shaka. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mabondia wa Marekani na daktari Harrison Martland mwaka 1928, na mwaka 2005 daktari Bennet Omalu alichapisha taarifa ya ugonjwa huo katika ubongo wa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Mike Webster. Hadi leo huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo wa marehemu tu. Mwendo wa macho unaweza kuonyesha kwamba ubongo haufanyi kazi sawasawa, hautaji chanzo.

Ni lini tusipoteze muda kupima?

Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akitapika tena na tena, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au akisinzia asiamshike, apelekwe moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Bombo, na shingo yake isigeuzwegeuzwe njiani.