Mambo ya kubeti tunayodanganyana huku Kusini, na ukweli ninaouona dirishani

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Masasi, karibu na stendi, mwaka wa sita sasa, na hii kazi inakuonesha vitu ambavyo watu hawavisemi kijiweni. Naandika kwa watu wazima tu, miaka 18 na kuendelea, maana ndo umri ambao sheria yetu ya michezo ya kubahatisha inaruhusu, na kama dini yako imekataza au moyo wako umekataza basi baki hapohapo ulipo, sikuja kumvuta mtu. Ila najua wengi mnabeti, wengine nawajua kwa sura na kwa namba zenu za simu, na yapo mambo tunaambiana kila siku kama vile ni kweli kumbe sio.

"Wenzangu wanakula, mimi tu ndo nina mkosi." Hili nalisikia kuliko yote. Sasa nikwambie ninavyoona mimi nikiwa ndani ya kibanda. Aliyekula anakuja na kelele, anakuja na watu watatu nyuma yake, anauliza keshi ipo, anaonesha skrinshoti, soda zinanunuliwa, mpaka jioni stendi nzima inajua jamaa mkeka wake, ile tiketi ya mechi kadhaa ambazo zote lazima zipatie, umetiki. Anayeliwa anakuja peke yake, anasimama pembeni kidogo, anaweka elfu mbili, baada ya saa moja karudi na elfu tatu, haongei, na hakuna hata mmoja kijiweni atakayepata habari zake. Kwahiyo masikio yako yanapokea habari za walioshinda tu, wale wengine wote hawana sauti.

Kuna kijana mmoja wa bodaboda alikula laki nne na themanini kwa dau la elfu moja, na kwa kweli nilifurahi nae, nilimhesabia mwenyewe. Lakini huyohuyo alikuwa anaweka elfu tano karibu kila siku miezi mingi nyuma. Siku moja hakukuwa na wateja tukakaa tukafungua historia ya akaunti yake, jumla ya alizoweka, jumla ya alizotoa, tukatoa moja kwa nyingine. Alinyamaza muda mrefu. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya leo, historia ipo kwenye akaunti na meseji zipo kwenye simu, na ukiifanya usihesabu ulichoshinda peke yake, hesabu vyote viwili.

Halafu kuna hili la kusema "odi ni uwezo wa timu, kampuni inakadiria tu". Hapana, odi, ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, ni bei, na ndani ya kila bei kuna faida ya muuzaji, kama kilo ya sukari dukani. Chukua mechi ambayo nyumbani wamepewa 2.10, sare 3.20, ugenini 3.40. Ukitaka upokee 1,000 matokeo yoyote yakitokea, utalazimika kuweka kama 476 kwa wa nyumbani, 313 kwa sare na 294 kwa wageni, jumla 1,083. Hiyo 83 ya juu ndo ya kwao. Ndo maana kampuni haina haja ya kumhonga refa wala kukuchezea wewe binafsi, mechi ikiisha vyovyote wao bei yao walishaiweka, na kodi ya ushindi nayo inakatwa kabla hela haijafika kwako.

Wa mpira watanijibu hapa, "mimi mpira naujua, Namungo naiangalia pale Ruangwa tangu haijapanda ligi kuu". Sawa kaka, unaujua, sibishi. Lakini unachokijua wewe na wao wanakijua, majeruhi, uwanja, kocha kaondoka, vyote vimeshaingia kwenye ile odi kabla hujaifungua. Kuujua mpira kunakusaidia kuufurahia, kupata hela ya kudumu ni kitu kingine kabisa.

Tuje kwenye mkeka wenyewe, maana hapa ndo hela nyingi za watu wetu zinapoishia. Dhana ni kwamba ukichukua timu kubwa kumi za uhakika, odi ndogondogo, huwezi kukosa. Haya tuhesabu. Tuseme kila timu ina nafasi 7 kati ya 10 ya kushinda, hiyo ni timu nzuri kweli. Zote kumi kushinda kwa pamoja ni 0.7 unaizidisha kwa yenyewe mara kumi, inatoka kama 0.028, yaani mikeka 35 unategemea utiki mmoja. Na odi kwa timu ya namna hiyo tuseme umepewa 1.35, mara kumi inakuwa kama 20, kwahiyo dau la elfu moja linakupa kama elfu ishirini. Umenunua mikeka 35 kwa elfu thelathini na tano ili upate elfu ishirini. Kila timu unayoongeza unadhani unaongeza hela, kumbe unaongeza ile faida ya muuzaji juu ya faida nyingine, ndo maana bonasi za mikeka mirefu ni nyingi sana, wanapenda uwe mrefu. Anayetaka kubeti kwa starehe na hela yake ikae muda, mechi moja au mbili zinatosha kabisa.

Na usiniambie "umekatwa na timu moja tu, nilikuwa karibu". Mkeka uliokosa timu moja na uliokosa timu nane vimelipa sawasawa, sifuri. Hii ya kukosa kidogo inauma kwa namna ya ajabu, na sio udhaifu wako peke yako, watafiti wa Cambridge mwaka 2009 waliwaangalia watu ubongo wakati wanacheza wakakuta kukosa kidogo kunaamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda, na hamu ya kuendelea inapanda. Mwili unakwambia umefundishwa kitu, hujafundishwa kitu.

"Nimeliwa mara nyingi mno, sasa zamu yangu imefika." Jamani, hela haina foleni kama ya daladala. Kule kasino ya Monte Carlo, Ulaya, tarehe 18 Agosti 1913, kwenye meza ya ruleti, lile gurudumu lenye namba nyekundu na nyeusi, kimpira kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza hela nyingi sana usiku ule kwa kuwekea nyekundu wakiamini sasa lazima ije. Gurudumu halikumbuki limetua wapi mara ya mwisho. Ndugu wa dhana hii ni ule ujanja wa kudabo dau kila ukiliwa. Anza na mia tano, ukiliwa elfu, ukiliwa elfu mbili, ukiliwa mara nane tu mfululizo umeshatoa 127,500, na dau la tisa ni 128,000, na ukishinda hiyo ya tisa faida yako yote ni mia tano ileile. Nani ana mtaji huo hapa stendi?

Kindege sasa, yaani Aviator, ule mchezo wa simu ambao namba inapanda na kindege na unatakiwa utoe hela kabla hajaruka akapotea. Huyu kindege amekuja akawakuta vijana na simu mkononi na bando la bei rahisi, na naona anakula kwa kasi kuliko mpira. Mechi ya mpira ni dakika tisini unapumua, raundi ya kindege ni sekunde, kabla hujafikiria umeshaweka nyingine. Watengenezaji wa Aviator wenyewe wanasema inarudisha asilimia 97, na watu wanalisoma hilo kama ahadi, "si inarudisha karibu yote!" Inarudisha kwa wastani wa madau yote ya watu wote, sio kwako leo, na ile 3 inakatwa kwa kila dau. Ukicheza mia tano mara mia mbili umezungusha laki moja, wastani umeacha elfu tatu, na raundi mia mbili zinaisha jioni moja tu ukiwa umekaa. Ukiendelea kuzungusha hela ileile inaliwa kidogokidogo mpaka inaisha.

Wanaouza apu za kutabiri kindege ni matapeli, wote, sina mmoja wa kumwacha. Matokeo ya raundi yanatengenezwa kwa kuchanganya namba ya siri ya seva yao na namba zinazotoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau kwenye raundi hiyo. Yaani kabla hao watatu hawajaweka, matokeo hayapo popote, sasa hiyo apu ya elfu ishirini inayasoma wapi? Wengine hiyo apu ukiiweka inakaa kusubiri namba yako ya siri. Nimeshamsaidia mama mmoja kupiga simu huduma kwa wateja kufunga laini ambayo mwanawe aliiwekea kitu hicho, hela za VICOBA zilikuwemo humo.

Mechi za uhakika za kununua kwenye grupu ni hivyohivyo, na huu mchezo nataka muuelewe maana umewashika mpaka watu wenye akili zao. Mtu ana namba 400. Mia mbili anawatumia bure kwamba timu A inashinda, mia mbili wengine anawaambia B. Walioangukia upande wa kukosea anawaacha, wale 200 waliobaki anawagawa tena, mia kwa mia. Mara ya tatu anabaki na watu 50 ambao kwao hajakosea hata mara moja, hao ndo anawaomba laki ya mechi ya nne, na wanatoa kwa mikono miwili kwa sababu wamemwona kwa macho yao. Mwenye matokeo ya kweli angekaa kimya abeti mwenyewe.

Bonasi nitaipita haraka: sio zawadi. Soma masharti, ukikuta umepewa bonasi ya elfu kumi na unatakiwa kuizungusha mara kumi kabla ya kutoa, maana yake ni madau ya laki moja. Kama huwezi kuyasoma masharti, ikatae, kuna sehemu ya kukataa.

"Kampuni zote ni zilezile." Hapana, hapa kuwa makini. Kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ina mtu wa kumjibu, ikikudhulumu una pa kupeleka malalamiko. Mtandao wa nje usio na leseni, unaoletewa linki na mtu usiyemjua, ukishinda wakakwambia tuma kwanza elfu hamsini ya kufungulia malipo, hiyo hela imekwenda. Kampuni halali inakata inachokata kwenye ushindi wako, haikuombi utume. Na akaunti iwe kwa jina lako na laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole, usimwazime mdogo wako wa form two abeti kwa laini yako, ni kosa na ni kumharibia.

Sasa msimu wa korosho. Hapa naongea kwa uchungu kidogo, mtanisamehe. Mnada umefanyika, hela imeingia benki, mtu wa Newala au Tandahimba anashika kwa mara moja hela ambayo inatakiwa imtoe mpaka msimu ujao, salfa ya mikorosho ipo humo, ada ipo humo, bati zipo humo. Dhana inayomuua ni "nitaizalisha". Nimeona mzee wa heshima zake akiweka laki kwa laki siku tatu, na mwezi wa tatu namwona yuko kwenye mikopo ya kausha damu. Kubeti sio mtaji wala sio kipato, ni matumizi, kama kiingilio cha Nangwanda Sijaona, ukitoka uwanjani hudai kiingilio chako kirudi. Kwahiyo kiasi kipangwe kabla, siku ambayo hakuna mechi na hujanywa, mwambie na mwenzio wa nyumbani, na kikiisha kimeisha mpaka mwezi mwingine. Hela ya mkopo isiguse kabisa huko. Kampuni kadhaa zina sehemu ya kujiwekea kikomo cha kuweka hela kwa siku au wiki, iwashe ukiwa umetulia, kwa sababu saa tano usiku ukiwa umeliwa hutaiwasha.

Kuna wanaosema anayeshindwa kuacha ni mtu asiye na msimamo tu, "aache si aache". Shirika la Afya Duniani limeliweka hili kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022, na dalili zake sio siri: anacheza zaidi ya alivyopanga, kubeti kunatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata akiona nyumba inabomoka. Ukianza kudanganya mkeo umetumia shilingi ngapi, ukianza kukimbiza hela ya jana kwa hela ya leo, hiyo ishafika. Kuna pa kwenda, hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ulizia huduma ya afya ya akili, na usione aibu, hujaenda kuungama, umeenda kutibiwa.

Kwa anayetaka kuacha kuanzia leo, anza na vitu vya mkononi. Andikia kampuni wakufungie akaunti, wakiuliza sababu hulazimiki kueleza. Futa apu, toka kwenye magrupu ya mikeka yote, zima zile meseji za ofa. Na mwambie wakala wako. Mimi wapo wawili walioniambia "nikija kuweka usiku nikatalie", na nawakatalia kweli, mmoja aliwahi kunitukana kwa hasira mbele za watu, asubuhi akapita na boda yake akanisalimia, tukaendelea na kazi.