Kapuchino bila povu ni kitu gani?

"Mwanangu, nipe kapuchino. Usitie povu, na maziwa yachemke khasa."

Huyu alikuwa mteja wa tatu wiki hii kuniagiza hivyo. Ni mzee wangu wa heshima, nikamuamkia na nikamtengenezea alivyotaka. Lakini alichokunywa ni kahawa ya maziwa, kinywaji kizuri tulichokulia nacho majumbani. Kapuchino si hicho: ni espreso, yaani kahawa nzito inayokamuliwa kwa mashine, iliyotiwa maziwa yenye povu.

Kuna imani inayonichosha zaidi hapa Mji Mkongwe: eti kapuchino ni kali, na late, ile yenye maziwa mengi zaidi, ni ya wasiozoea kahawa. Kahawa ni ile ile! Napima gramu 18 za unga, nazitoa gramu 36 hivi za espreso kwa sekunde 25 hadi 30, na hiyo ndiyo naitia kwenye kapuchino, kwenye late na kwenye flati waiti. Kinachobadilika ni maziwa: wingi wake, na hewa iliyomo. Kikombe cha late kinafika mililita 250 au 300, ndiyo maana ulimi unaiona nyepesi, lakini kafeini haikupungua hata chembe. Makiato ni espreso iliyotiwa doa la maziwa, basi. Na lile ua la juu si aina ya kinywaji. Nalichora popote penye povu laini.

Sasa povu. Kapuchino yangu ni mililita 160 hivi, na povu lake lina unene wa sentimita moja au zaidi. Mtu akisikia povu anaona la sabuni, mapovu makubwa yamekaa juu ya kikombe. Hayo ni makosa ya mtengenezaji. Hewa huingizwa sekunde chache za mwanzo, maziwa yakiwa bado baridi. Kisha bomba la mvuke linazamishwa kidogo, maziwa yazunguke kwa kasi mpaka mapovu yawe madogo yasionekane kwa jicho. Yakiwiva sawasawa hung'aa kama rangi ya mafuta iliyomiminwa sasa hivi. Povu hilo ni maziwa yenyewe. Ukiniambia nilitoe, nitabakisha nini?

Flati waiti, ambayo Australia na New Zealand zinagombania kuianzisha, ina povu jembamba zaidi, nusu sentimita. Nakiri hapa: nikifungwa macho nikapewa flati waiti na late ndogo, sina hakika nitazitambua. Mpaka baina yake kila duka linajiwekea.

Halafu moto. Najua unakotoka. Kahawa chungu ya barazani inakuja na dele lake juu ya makaa, inaunguza midomo, na ndivyo tunavyoipenda. Maziwa ya shamba nayo lazima yachemke, mama anasimama mpaka yafure, kwa sababu mabichi yana maradhi. Hiyo ni haki kabisa. Lakini maziwa ninayotumia yameshapikwa kiwandani. Mimi nayafikisha nyuzi 60 hadi 65, ambapo utamu wake unasikika vizuri. Yakivuka 70 protini zinaharibika, povu linakuwa kavu na kukatika, na harufu ya maziwa yaliyochemka inaifunika kahawa iliyotoka mbali, Kilimanjaro au Mbeya.

Nisifiche udhaifu wa hoja yangu: maziwa ya pakti yanayokaa miezi bila friji yalishapita nyuzi 135 kwa sekunde chache, na harufu ile kidogo imo tayari. Kwa hayo, nyuzi tano zaidi haziharibu sana ladha. Povu tu ndilo linaloumia.

Kwa hiyo mzee wangu akirudi, kikombe chake nitakipasha kwanza kwa maji ya moto, maziwa niyafikishe 65, nimpelekee mbio. Nitamuomba anywe papo hapo. Akikiweka dakika kumi huku anazungumza, povu litajitenga na maziwa, na hapo hata mimi sitaweza kukwambia kama ilikuwa kapuchino au late.